Waliolala Ukumbini

Maktaba, ukumbi wa chini
Ijumaa, baada ya filamu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako yamemaliza ule ugomvi wao na ngazi. Habari za mwanao na mkwe? Mjukuu ameshaota meno ya mbele, au bado anacheka kama babu yetu? Sisi huku hatujambo. Baba watoto anakusalimu sana. Kikohozi kimemwacha, ila yeye hajakiacha, kila nikimtuma mahali anakohoa. Mtoto wetu wa mwisho amenipita urefu, na siku hizi akitaka kunidanganya ananishika bega kwanza. Mimi mwenyewe nipo salama, nimekonda kidogo tu, na sababu yake utaikuta humu humu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeishika mara tatu wiki hii nikaiweka chini. Wewe kwenye simu hunipi nafasi, unanikata kauli, nami nikikatwa kauli nageuza mambo kuwa utani. Tunacheka, tunaagana, na lile nililotaka kusema linabaki kooni. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Kwa hiyo kaa chini, vaa miwani, na tafadhali usiruke mistari kwenda mwisho kama ulivyozoea. Nimeipanga barua hii kwa makusudi, na nikikuona kwa mawazo yangu unaifunua nyuma kwanza, nitanuna.

Habari zenyewe ni za ukumbi wetu. Ninajua huipendi maktaba hii. Una miaka minne hujaikanyaga, na kila ikitajwa unasema ni ya wakubwa, ukimtaja yule Malkia wa Vitabu wako, yaani Mkutubi wetu Mkuu, kana kwamba umekula limau. Nivumilie, hata yeye nitamfikia.

Tunaendelea na yale yale. Jumatano mazungumzo, Ijumaa filamu, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu mchana, bure, mlango wazi kwa yeyote. Mwaka huu amekuja mfuga nyuki akatuonyesha namna malkia anavyohamishwa bila kuchokoza raia wake. Amekuja daktari wa meno na taya la plastiki kubwa kama kiti. Amekuja mama mmoja anayetengeneza saa za ukutani, akaifungua saa mezani kipande kwa kipande na kuifunga tena tukiwa tunamtazama, na ikatembea. Watu walipiga makofi hadi wasomaji wa ghorofani wakaja kuchungulia. Ijumaa tumeona barafu ikimeguka, tumeona kioo kinavyopulizwa, na leo tumeona ndege wanaohama nchi hadi nchi bila kuulizwa karatasi.

Wanaokuja ni watu wa mitaa hii hii. Washonaji wana pini kwenye kola, wauguzi wanatazama saa, walinzi wametoka zamu, na mafundi wa gereji wanakaa kwenye ncha ya kiti ili wasikichafue. Wanakula walichobeba kimya kimya. Sheria inakataza, lakini mimi hujitia hamnazo mradi nisione makombo chini.

Kazi yangu unaijua. Napanga viti sitini, nafungua madirisha, navuta mapazia siku za filamu, kisha nakaa mlangoni nahesabu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu kwa vifungo vya koti la baba, ukaniita Hesabu mpaka jina likanigandia. Hapa wananiita Bi Hesabu, na nadhani Mkutubi mwenyewe jina langu la kwenye cheti amelisahau. Kila saa saba kasoro dakika kumi, watu wakishatulia, nahesabu vichwa mara mbili, kwenda na kurudi, na kujaza fomu ya mahudhurio. Miaka kumi na moja sijakosa siku, wala sijatia chumvi hata kichwa kimoja. Hilo nilikuwa najivunia kuliko watoto, na watoto wanalijua.

Yupo pia mtu mmoja ninayetaka umjue, kwa sababu bila yeye barua hii isingeandikwa. Ni mzee mstaafu aliyeshughulikia ishara za treni miaka thelathini, sisi tunamwita Mzee wa Reli. Hukaa safu ya mbele, kofia juu ya goti, na kila mazungumzo yakiisha hunyanyua mkono na kuuliza swali lile lile moja: kitu hicho kikiharibika, nani anaarifiwa kwanza? Mfuga nyuki aliulizwa hivyo. Daktari wa meno aliulizwa hivyo. Yule mama wa saa alijibu kwamba mwenye saa, na mzee akamwambia jibu lake ni zuri ila si kamili. Watu hucheka hata kabla hajamaliza, naye hajali, anasubiri jibu.

Sasa sikiliza. Miezi miwili iliyopita Mkutubi aliniita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake. Alikuwa na barua kutoka makao makuu. Ilisema kwamba ukumbi wowote wa maktaba ambao wastani wake wa mahudhurio kwa mwaka haufiki watu arobaini, shughuli zake zisimamishwe, na chumba kitumike kuhifadhia majalada ya zamani. Wastani wetu ulikuwa thelathini na wawili. Tulipewa mpaka mwisho wa mwezi huu. Mkutubi alisema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba haelewi, maana kila akipita mlangoni huona ukumbi umejaa. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba macho hukadiria, mimi nahesabu.

Dada, nilitoka pale moto unaniwaka kichwani. Ukumbi ule nimeupangua na kuupanga mara zisizo na idadi, halafu uwe ghala la makaratasi yasiyosomwa na mtu? Nilifunga kibwebwe. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipita mtaa mmoja. Nilikwenda gereji, nilikwenda kwa washonaji, nilikwenda kituo cha mabasi, nilikwenda kwenye duka la mikate na kuingia mpaka jikoni kwenye tanuri. Kazi ngumu haikuwa kuwaeleza habari za ukumbi, ilikuwa kuwashawishi kwamba ni bure. Fundi mmoja wa gereji aliniuliza mwishoni tunauza nini, dawa au dini. Nikamwambia hatuuzi chochote, akazidi kuogopa. Mshonaji mmoja aliahidi kuja iwapo nitakaa naye kiti cha karibu, ili kama ni mtego tunaswe wote.

Walikuja. Jumatano ya kwanza nilikosa pa kupitisha mguu, nikajisemea hapo sasa. Nikahesabu kwenda na kurudi, nikapata thelathini na watano. Ijumaa ya filamu thelathini na watatu. Jumatano iliyofuata thelathini na sita. Niliamini nimelogwa. Nyumbani nikawa nahesabu vijiko, ngazi, vifungo vya shati la baba watoto akiwa amelivaa, kuona kama kichwa changu bado kinafanya kazi. Akaniuliza kama nataka kumnunulia jingine.

Jumatano hiyo hiyo Mzee wa Reli alinifuata mezani. Alisema kwamba yeye, kwa kuwa hana kazi nyingine, ameuhesabu ukumbi, na amepata hamsini na watatu. Nilimwambia amekosea. Akasema hajakosea. Nikamwambia macho yake yana miaka sabini na mitano. Akasema ndiyo, na katika miaka hiyo hakuna treni mbili zilizogongana. Tulibishana pale mlangoni kama watoto waliogombania goroli, mpaka akanishika mkono wa gauni, akanirudisha ndani watu wakiwa bado wanakusanya vitu vyao, akaanza kunionyesha kiti kwa kiti. Alipofika kwa mwokaji mikate, kijana mpana mwenye unga masikioni, kidevu kikiwa bado kimeanguka kifuani, akamtaja wa kumi na tisa. Nikamwambia huyo hamo, amelala.

Akaniuliza kwa hiyo?

Nikamweleza utaratibu wangu. Mtu akilala simhesabu. Amelala, hajahudhuria, ameleta mwili tu. Huo ndio utaratibu wangu miaka minne, na niliutamka kwa kiburi, dada, kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. Mzee alivua kofia yake akaitazama ndani. Kisha akasema kwamba kwenye treni abiria akisinzia hashushwi njiani, na kwamba wanaosinzia ndio hasa waliosafiri, kwa kuwa wametoka kazini tangu giza na walikuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani kulala, wakaja hapa. Akaniambia kama siamini nimuulize mwokaji.

Nilimuuliza. Maskini aliona haya, akadhani namfukuza. Alisema yeye huamka saa nane kasoro robo za usiku kuwasha tanuri, na ifikapo mchana macho hayamtii. Alisema husikia mwanzo, na mara nyingine mwisho, na katikati huwa anasimuliwa na mshonaji wa jirani wakitoka. Habari za nyuki zote anazo, amemsimulia mkewe. Alisema nyumbani wapo wanane katika vyumba viwili, na saa ile moja ya ukumbini ndiyo saa pekee katika siku yake ambapo mtu anazungumza mbele yake bila kumtuma kitu. Aliniomba nimruhusu aendelee kuja, ataegemea ukutani asikoromee watu.

Nilikwenda stoo nikajifungia na mafaili ya fomu za miaka minne. Lazima nikueleze jambo moja ambalo hakuna aliyelijua. Mimi siwezi kukiacha kichwa bila kukihesabu, hata nikijilazimisha; mkono unawasha. Kwa hiyo kila niliyemwacha nilimwekea kitone kwa kalamu, pembeni kabisa mwa fomu, chini ya mstari. Siku nyingine vitone tisa, siku nyingine kumi na vinne, siku ya filamu ya mto mrefu ishirini na viwili. Nilikaa sakafuni nikajumlisha. Pamoja na vitone, wastani wetu kwa mwaka ulikuwa watu arobaini na saba.

Si makao makuu waliokuwa wanaua ukumbi wetu. Ni mimi, kwa kalamu yangu, kidogo kidogo, kila Jumatano na kila Ijumaa, huku nikijiita mwaminifu.

Nilikwenda kwa Mkutubi siku ile ile kabla moyo haujapoa, nikamwekea mafaili mezani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alivua miwani. Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga. Aliniuliza tangu lini. Nikamwambia miaka minne. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nilitaka utaratibu. Hilo lilikuwa jibu la nusu, na nadhani alilijua, lakini hakunibana.

Jumanne wiki hii amekuja mkaguzi kutoka makao makuu, bwana mmoja mwembamba mwenye mkoba usiofunguka vizuri. Mkutubi alitaka kuzungumza badala yangu, nikamwomba aniache. Nilimwonyesha mkaguzi vitone. Alisema hesabu za mwaka zimeshafungwa na vitone si namba, mtu yeyote anaweza kuviweka jana jioni. Nikamwonyesha wino uliofifia. Akasema yeye si mtaalamu wa wino. Nikamwambia basi mimi ni mtaalamu wa viti, na kiti hiki nilichokalia sitakiacha mpaka anisikilize. Nilimwambia kwamba kosa lina mwenyewe, mwenyewe ni mimi, ana jina na ana namba ya kazi; aniadhibu mimi, anihamishe, aniondoe akitaka, lakini asiwaadhibu watu waliokuja wakakaa kwenye viti wakiwa wamechoka. Wewe ungejivunia, au ungesema naropoka.

Alihangaika na mkoba wake kwa muda mrefu. Mwishowe akasema hawezi kukubali vitone kwa maneno matupu, lakini anaweza kukubali macho yake. Atakuja mwenyewe Jumatano ijayo, atakaa nyuma, atahesabu aliye macho na aliyelala. Wakifika arobaini, ataviamini vitone na ukumbi utabaki. Wasipofika, Alhamisi majalada yanaingia. Kuhusu mimi, barua ya onyo inakuja kwa vyovyote, na huenda nikahamishiwa kwenye rafu za magazeti. Nimesema nitaipokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo sijakaa. Nimewafuata walalaji wangu wote ninaowakumbuka, nikitumia vitone kama ramani: mwokaji, walinzi wanne wa benki, dereva wa basi la alfajiri, mama wa usafi wa shule, muuguzi wa zamu mbili. Kila mmoja nimemwomba radhi ana kwa ana, na kila mmoja nimemwambia aje, na akija alale akipenda. Muuguzi alinicheka mpaka akaketi chini. Alisema katika maisha yake hajawahi kualikwa mahali ili asinzie. Mazungumzo ya siku hiyo atayatoa Mzee wa Reli mwenyewe, habari za ishara za treni. Ameandika kurasa kumi na mbili, na ananiuliza kila siku kama ni fupi mno.

Jioni ya Jumanne, mkaguzi alipokwisha kuondoka, nilimkuta mzee kwenye benchi la nje akinisubiri. Aliniuliza lile swali lake, safari hii hakuna aliyecheka. Kitu kimeharibika, nani ameshaarifiwa? Nikamtajia Mkutubi, nikamtajia mkaguzi, nikamtajia mwokaji na wenzake. Akatikisa kichwa. Akasema kwenye reli hao wote hungoja, wa kwanza kuarifiwa ni yule ambaye tayari yuko njiani na treni inamjia. Hakujua alichokuwa anakisema, dada, maana habari zako sijamwambia. Lakini tangu usiku ule ndipo nilipoanza kuishika simu na kuiweka.

Sasa nimefika. Kama uliruka mistari, rudi ulikotoka.

Ile fomu ya kwanza kabisa yenye kitone, kitone chenyewe kiko kimoja tu, pembeni ya namba thelathini na nane. Kitone hicho ni wewe.

Ni siku ya yule mtaalamu wa udongo. Nilikuwa nimekusumbua mwezi mzima uje uone mahali ninapofanya kazi, na ukaja, moja kwa moja kutoka chumba cha kufulia cha hospitali ya hapa mjini, ulipokuwa hujahama bado, baada ya zamu iliyoanza saa kumi alfajiri. Ulivaa gwanda lako la bluu na mabuti ya mpira, vidole vimenyauka kwa sabuni. Ulichagua kiti cha nyuma karibu na dirisha, ukanipungia mkono. Mimi sikukupungia. Siku hiyo tulikuwa na wageni wawili wa makao makuu na mpiga picha, nami nilikuwa nimeshonesha gauni jipya. Hata yule bwana hajamaliza kutaja aina ya tatu ya udongo, ulikuwa umelala, na sitakuficha, ulikuwa unakoroma.

Mkutubi alinijia mlangoni. Aliniuliza yule mama ni nani. Nikamwambia simjui.

Nimeyaandika maneno hayo mara nne kwenye karatasi nyingine nikachana. Wewe uliyeniogesha, uliyenibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha ili viatu vyangu visilowe na vyako vilowe, nilisema simjui. Na Mkutubi wala hakukasirika. Alisema yule mama anaonekana ametoka kazini, jua linampiga usoni, niende nikavute pazia nimwache apumzike. Hayo ndiyo aliyoyasema, neno kwa neno. Nami nilikuja mpaka dirishani, mkono wangu ukagusa pazia, halafu nikakutikisa bega na kukunong'oneza kwamba wakubwa wamesema utoke.

Hakuna mkubwa aliyesema, dada. Nilisema mimi. Nilikuonea haya, wewe na mabuti yako. Na wewe ukaniomba radhi, wewe ukaniomba radhi mimi, ukatoka kwa ncha za miguu ili mabuti yasipige kelele. Miaka minne umemchukia mwanamke asiye na kosa, nami nimekuacha umchukie kwa sababu ilinifaa. Kila ulipomwita Malkia wa Vitabu nilicheka pamoja nawe.

Nilipoketi kujaza fomu, nilikuwa nimeshakuhesabu. Ulikuwa wa thelathini na tisa. Nikaandika thelathini na nane, kisha mkono ukakataa, nikaweka kitone. Wiki iliyofuata mlinzi mmoja alisinzia. Ningemhesabu yeye, ningelazimika kujiuliza kwa nini wewe sikukuhesabu. Nikaona nafuu iwe sheria, wote waliolala wasihesabiwe, na ndivyo nilivyoficha jambo moja kwa kuwaficha watu mia kadhaa. Hiyo ndiyo nusu ya jibu ambayo Mkutubi hakuipata siku ile. Jana nimempa. Alisema anamkumbuka yule mama, na kwamba alishangaa kuona kiti kitupu alipogeuka. Anakusalimu, na anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Nimemwambia asithubutu.

Sitakwambia unisamehe. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, unayo haki na nitakaa kimya kama sijawahi kukaa. Lakini nakuomba uje Jumatano. Barua hii nampa dereva wetu wa basi la alfajiri akukabidhi mkononi, na amesema Jumatano atakuwekea kiti cha mbele ili magoti yasibanwe. Saa tano utakuwa hapa.

Wala usije kwa ajili ya arobaini. Walioahidi ni hamsini na sita, lakini ahadi ya mtu aliyechoka naijua, sitaihesabu mpaka niione imekaa kitini. Wakija kumi nitaandika kumi, na Alhamisi nitabeba majalada kwa mikono yangu mwenyewe na kuanza kutafuta ukumbi mwingine, hata kama ni gereji. Nakuita kwa sababu nyingine. Mkaguzi atakuwa kiti cha nyuma, Mkutubi atakuwa mlangoni, na ukiingia nitasimama, niseme kwa sauti inayofika safu ya mbele kwamba huyu ni dada yangu, aliyenifundisha kuhesabu. Nitakuhesabu wa kwanza, kabla hata ya mzee na kurasa zake.

Nisalimie mwanao na mkwe, mwambie mwanao mama yake mdogo ni mjinga lakini anajitahidi. Mbusu mjukuu kwenye ufizi. Baba watoto anasema ukija umletee ile dawa ya kikohozi ya mwaka jana, tamu ile; mimi nasema usimletee. Chumba chako kiko tayari, nimetandika shuka ambalo nimelifua mwenyewe, usilikague sana.

Ukitaka kuja na gwanda la bluu, njoo nalo. Ukiwa bado unayo yale mabuti, yavae, na utembee kwa kisigino. Kiti chako ni kile kile cha nyuma, na saa hizo jua bado linapiga pale pale. Ukisinzia, lala. Pazia nitalivuta.

Ni mimi mdogo wako,

Hesabu